Kifua cha Salfa

Watu wakikaa msibani wakashiba, wanaongopa. Juzi tumemaliza arobaini ya kaka yangu Hamisi, Mungu amrehemu, na wakati wanawake tunasugua masufuria uani nikawasikia wanaume barazani wanasimuliana habari za mjukuu wangu Sharifa. Mmoja anasema yule mtoto alipona kwa kunywa kombe la shehe mmoja wa njia ya Kilambo. Mwenzake anabisha, ilikuwa hirizi, yeye aliiona kwa macho yake. Wa tatu, mwenye mdomo kuliko wote, anasema hakuwa na ugonjwa wowote, ulikuwa uvivu wa utoto, alipokua ukamtoka. Sharifa mwenyewe yuko pembeni yangu, mwanamke mzima sasa, kasafiri kuja kumwombea babu yake, povu limemfika viwikoni. "Waache, bibi," akaniambia, akaendelea kusugua. Mimi siwaachi. Shule niliishia darasa la nne na nikiandika mstari unapanda kilima, lakini ule mwaka niliuishi mimi, si wao. Kila aliyejua kilichomo kifuani mwa mtoto yule alikuja kunieleza mimi, akala chakula changu, akaondoka. Leo zamu yangu.

Alikuwa kidato cha pili na anakaa kwangu Mtawanya, huku Mtwara, nyumba hii hii, chumba cha nyuma. Kile chumba nakijua kwa harufu kuliko kwa macho. Upande mmoja kitanda chake cha kamba, upande wa pili matenga ya makopa ya muhogo, na ukutani mifuko ya salfa imepangana hadi usawa wa dirisha, maana mwenye mikorosho huku kwetu anailaza salfa ndani kama mgeni. Ukiiacha nje unyevu unaiharibu au wezi wanaibeba. Asiyeijua, ni unga wa njano tunaopulizia mikorosho wakati wa kipupwe ili ukungu usile maua. Ukipulizia asubuhi, jioni bado macho yanawasha na jasho lako linanuka kiberiti. Sharifa alilala humo na hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtoto wa miguu mirefu, anakula ugali wa muhogo kama anafukia shimo, na alikuwa anakimbia. Sisemi anakimbia kama watoto wote wanavyokimbia. Nasema akipita barabarani mafundi baiskeli walikuwa wanaacha spana wamtazame. Mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Joseph, alisema akifanya vizuri mwaka ule atachukuliwa shule ya bweni yenye timu ya riadha, asome huko na akimbie huko. Na mtoto hakutaka kitu kingine duniani. Mimi nilitembea sokoni shingo imenyooka kama nimejitwika ndoo.

Kipupwe kilipoingia ndipo balaa likaanza, tena si wakati wa kukimbia, na hapo ndipo tulipochanganyikiwa wote. Anakimbia, anamaliza, mara nyingi wa kwanza, anasimama, wanampigia makofi, halafu baada ya muda mfupi kifua kinambana. Anainama, mikono magotini, mabega yanapanda, na ndani unasikia mluzi kama mtu anapuliza chupa tupu. Kisha kikohozi kikavu, kinamwandama hadi chakula kinamshinda. Baadaye kinaachia chenyewe, anaomba uji. Sasa niambieni, ugonjwa gani unamsubiri mtu apumzike ndipo umpige? Mwalimu Joseph alikuwa na jibu: anajifanya. Mgonjwa wa kweli, alisema, angeanguka katikati ya mbio, si baada ya kushinda. Jirani yangu Bi Somoe alikuwa na jibu lake, na lilikuwa na akili kuliko la mwalimu: ni jicho. Anashinda, mama za walioshindwa wanamtazama, kifua kinafunga. Akaleta hirizi, nikaifunga kwa mkono wangu, mtoto akashinda tena na akabanwa tena, hirizi ikiwa shingoni. Zahanati wakapima wakasema taifodi na yutiai, jinsi wanavyomwambia kila apitaye mlangoni, hata ukienda umejikata kidole. Akameza vidonge hadi mate yakawa machungu. Nilikuwa nachoka kusikiliza. Wote wanajua, na mtoto anapiga miluzi.

Aliyewashinda wote kwa kujua ni Hamisi. Huku kwetu mtoto ana baba yake, sikatai, lakini mwenye sauti juu yake ni upande wa mama, na mkubwa wa upande ule alikuwa yeye. Harusi, shule, jando, unyago, safari, bila Hamisi hakitikisiki kitu. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipita kwangu kula. Ijumaa moja nilikuwa nimechemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na kukaanga samaki changu, akala, akamtania Sharifa, "Mke wangu, umekonda, au huyu bibi yako anakunyima?" kisha akaenda kujinyoosha kwenye kitanda cha mtoto, chumba cha nyuma. Hakulala. Tulimsikia anapiga chafya, anapiga tena, halafu akatoka ameinua kidole kimoja cha njano, amekipitisha kwenye mifuko. "Hiki hapa kinachomuua mtoto," akasema. "Mnamlaza na salfa, mnatafuta wachawi."

Mnaona jinsi lilivyokaa vizuri? Kifua kilianza salfa ilipoanza. Mtoto analala na salfa. Na sisi wote huku, msimu ule ukifika, tunakohoa. Hata mimi moyo ulitulia, na nitawaambia kwa nini, maana hao wa barazani hawatasema. Kulikuwa na neno jingine lililokuwa linanong'onwa bombani tukichota maji. Pumu. Pumu kwetu ilikuwa ugonjwa wa kufichwa. Tulimjua mzee mmoja mtaa wa chini ambaye kikombe chake kilining'inizwa peke yake nje ya nyumba, watoto wakakatazwa kukigusa, eti inaambukiza. Msichana wa pumu haposwi, na akiposwa wanamrudisha kabla hina haijafutika. Lakini kifua cha salfa si ugonjwa. Ni kama kulowa mvua. Unaweza kukisema mbele ya watu na watu wakakujibu, "Pole, hata sisi." Kwa hiyo sote tukakishika kifua cha salfa kwa mikono miwili, tukahamishia mifuko kwa Hamisi, na shule zilipofungwa tukampeleka Sharifa Msimbati, huko Mnazi Bay, kwa shangazi yake, ambako ni minazi na bahari.

Alikaa likizo yote, anakimbia mchangani asubuhi na jioni, anakula pweza, na kifua hakikupiga mluzi hata mara moja. Shangazi yake alipiga simu kunisimulia kwa sauti ya mtu aliyemponya yeye. Hamisi akawa hashikiki. Alisimulia msikitini, alisimulia dukani kwa muuza sukari, akaanza kuwapa watu wengine ushauri wa magonjwa yao. Leo nikifikiri, ule upepo wa Msimbati ni mbichi, una joto na maji ndani yake, nguo ukianika asubuhi mchana bado ina unyevu. Lakini nani alikuwa anafikiria upepo? Tulikuwa tumeshapata mkosaji, ana rangi ya njano. Sharifa aliporudi Mtawanya akabanwa tena kidogo, tukasema ni salfa ya mashamba ya majirani. Mwalimu Joseph akamchagua timu ya mkoa, mashindano Njombe. Hamisi akafurahi kuliko mtoto mwenyewe. Kule, alisema, hakuna mkorosho hata mmoja, mke wangu atapaa.

Simu ilikuja mchana, nikiwa uani namenya muhogo, na Hamisi yuko kwenye mkeka ananiangalia nikimenya. Mwalimu Joseph. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Akasema Sharifa kashinda mbio za mchujo, akasimama, na baada ya hapo pumzi ikakataa kabisa, midomo ikabadilika rangi, wakamkimbiza hospitali, amevalishwa barakoa yenye moshi wa dawa, sasa anaongea. Nilisikia neno anaongea nikakaa chini pale pale kwenye maganda. Hamisi akaninyang'anya simu. Hakuuliza hali ya mtoto. Aliuliza, "Mwalimu, hapo uwanjani hakuna mikorosho?" Mwalimu akamjibu, "Mzee, huku kuna mipaina, viazi na baridi. Hata kupumua kunauma." Hamisi akanirudishia simu bila kuikata, akakaa anautazama mkono wake. Nilitaka kumpiga na kile kipande cha muhogo. Na mimi mwenyewe nilitaka mtu anipige.

Sharifa aliporudi tukaenda naye hospitali mjini, wote watatu. Chumba kidogo, kitanda kimoja cha kupimia kimefunikwa mpira, feni haizunguki, Hamisi amekaa kwenye kiti pekee cha wagonjwa na mgonjwa amesimama. Daktari alikuwa binti mwenye raba miguuni. Alimsikiliza mtoto kifua, akamkimbiza apande na kushuka ngazi pale nje, akampulizisha kwenye kidude, akasubiri, akampulizisha tena. Kisha akanichorea mti uliosimama kichwa chini. Hii njia ya hewa, akasema, inagawanyika matawi, na matawi yanagawanyika hadi yanakuwa membamba kama uzi. Ndani yake kuna utando wa maji, mwembamba kama jasho la mtungi. Ukipumua kwa pua, pua inaipasha hewa joto na kuilowesha kabla haijashuka. Ukikimbia sana pua haitoshi, unafungua mdomo, hewa inashuka kama ilivyo, nyingi, baridi na kavu, inanyonya yale maji. Maji yakipungua, chumvi inayobaki inakuwa kali, chembe za mle ndani zinasinyaa, na zile za ulinzi zinadhani kuna adui, zinamwaga kemikali zao. Misuli inayozunguka matawi ikiguswa na kemikali hizo inajikaza, na njia inakuwa mrija uliobanwa vidole. Nikamwambia hilo nimelielewa, muhogo ukianikwa nao unasinyaa. Akasema naam, bibi, karibu na hapo.

Angeishia hapo ningempenda maisha yangu yote. Lakini akaongeza kwamba kuna wataalamu wanaosema kosa ni la baridi zaidi kuliko la ukavu: njia zinapoa wakati wa kukimbia, na mtu akisimama damu inarudi kwa kasi kuzipasha, vishipa vinavimba, njia inaziba, labda ndiyo maana kinamshika baada ya mbio. Labda yote mawili yanafanya kazi pamoja. Nikauliza, na kwa nini huyu, wakati wenzake wanavuta hewa ile ile? Akasema kuna wanaozaliwa na njia nyepesi kukasirika, wengine wana mzio, na moshi wa kuni na mavumbi vinaweza kuzidisha hasira hiyo. Hata salfa, akasema, isilazwe na mtu chumbani. Hamisi akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Kwa hiyo hamjui," nikamwambia binti.

"Tunajua kinachomtuliza, bibi. Kwenye chanzo chake ndiyo bado tunabishana."

"Kubishana hata sisi tulikuwa tunabishana. Hatukuhitaji kupanda bajaji."

Sharifa akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Kisha yule binti akataja jina: pumu inayochochewa na mazoezi. Hamisi akainuka akaenda kufunga mlango, kama vile lile neno lingetoka likatutangulia Mtawanya. Daktari hakumjali. Akampa mtoto pampu ya kuvuta, akamfundisha kuitikisa, kuivuta kabla ya kukimbia, kupasha mwili polepole, na asubuhi za baridi ajifunge ushungi mdomoni ili hewa ipite kwenye kitambaa. Nikamwuliza kama mtoto akimbie. Akasema akimbie.

Tulipofika nyumbani Hamisi akasema asikimbie. Hakugombana, alisema tu, kama anavyosema mtu ambaye tangu kuzaliwa hajapingwa. Atakaa, atasoma, na lile neno libaki kule kule hospitali. Tukiulizwa, ni salfa. Na Mwalimu Joseph, yule yule aliyesema mtoto anajifanya, sasa akawa anamwona maiti. Akamtoa kwenye timu, akaniambia hawezi kubeba jeneza la mtoto wa watu. Jana kwake mtoto ni mzima anayeigiza, leo ni mfu anayetembea, katikati hakuna mtu. Nilikuwa nikipika nagonga mwiko kwenye sufuria hadi Bi Somoe anauliza ng'ambo ya ua kuna nini. Sharifa aliacha kukimbia. Aliacha hata kutembea haraka. Alikuwa akitoka shule anaingia chumba cha nyuma, palipokuwa na mifuko pamebaki ukuta mtupu wenye alama za njano, anakaa kitandani na viatu vyake vya mbio mapajani, anavifuta vikiwa visafi. Siku moja nikamletea uji akaniuliza bila kuinua uso.

"Bibi, nikiacha kukimbia, pumu inaondoka?"

"Daktari hakusema hivyo."

"Basi nimekaa kwa ajili ya nani?"

 Nimezaa, nimezika, nimelima peke yangu misimu mingi, na mtoto wa kidato cha pili ndiye wa kuniuliza hivyo. Uji ukapoa mkononi mwangu.

Kesho yake kulikuwa na shughuli mtaani, wanawake tumekaa duara tunakuna nazi za harusi, na mmoja akaniuliza kwa huruma ile ya kuchokonoa, mjukuu salfa bado inamsumbua? Nikaweka kifuu chini. Nikasema, "Si salfa. Sharifa ana pumu. Haiambukizi. Anayeogopa kikombe chake asije kwangu, nitapumzika kupika." Mbuzi za kukunia zote zikasimama, hata za wale wa mwisho ambao hawakusikia. Nikadhani ndiyo basi, nimemharibia mtoto. Halafu Bi Somoe, wa hirizi, akasema polepole huku akiikuna nazi ambayo ilishaisha, "Hata mwanangu wa Lindi anayo. Anavuta pampu." Jamani. Miezi yote ile mwanamke huyu ananiletea hirizi, ananihesabia nani kamtazama mtoto, na dawa anaijua, iko kwenye mkoba wa mwanawe! Nilitamani kummwagia tui. Badala yake nikamsogelea akanieleza mwanawe anaivuta vipi, na wanawake wengine wawili wakasogea nao, kusikiliza kwa ajili ya mtu, walisema, wanayemfahamu.

Habari ilimfikia Hamisi kabla tui halijachemka. Ijumaa hakuja kula. Iliyofuata hakuja. Nikaenda shuleni na Sharifa na pampu yake, nikamwambia avute mbele ya mwalimu, azunguke uwanja amejifunga ushungi, arudi, na tukakaa sote watatu tunakitazama kifua chake kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Kikatulia. Mwalimu Joseph alijikuna kichwa, akasema sawa, kuna mashindano hapa hapa Mtwara, wale wa shule ya bweni watakuja kuangalia, lakini mwenye sauti juu ya mtoto awepo uwanjani siku hiyo, asimame hapo, lolote litokee mbele yake. Mwenye sauti. Hata mwalimu wa kuja alishajifunza mila zetu zilipomfaa.

Nikamfuata Hamisi shambani kwake. Alikuwa amejifunga kitambaa puani, mashine ya kupulizia salfa mgongoni, njano tangu nyusi hadi kandambili. Akazima mashine lakini hakushusha kitambaa. Sikumbembeleza. Nilimwambia nilishalisema neno na mbingu haikuanguka, kilichobaki ni miguu ya mtoto, na kama yeye anaona aibu kusimama naye basi nitasimama mimi, na watu wakiuliza babu wa mtoto yuko wapi nitawaambia yuko shambani anaogopa neno.  "Una mdomo mchafu," akasema. Akawasha mashine.

Siku ya mbio tulimkuta amefika kabla yetu, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, amesimama pale mstari wa mwisho kama anayesubiri kupokea maiti au bibi harusi. Aliomba pampu aishike yeye. Sharifa alivuta, akapasha mwili huku ushungi uko mdomoni, wasichana wengine wanamcheka, akaufungua akaingia mstarini. Sitawasimulia zile mbio, sikuziona vizuri, macho yalikuwa na maji. Najua aliongoza, najua kwenye kona ya mwisho wawili walimpita, najua alimaliza wa tatu. Watu walikwenda kumbeba wa kwanza. Mimi na Hamisi hatukwenda popote. Tulimsimamia mtoto wetu, ameinama, mikono magotini, tukasubiri. Hakuna aliyekuwa anatuangalia. Uwanja mzima unashangilia jambo lililokwisha, na letu lilikuwa bado linakuja. Mabega yalipanda, yakashuka. Yalipanda, yakashuka. Hamisi alikuwa ameiminya ile pampu hadi kucha zimekuwa nyeupe.

Sharifa akainua kichwa. "Babu, umeona? Yule wa kijani kanikata njia. Kanikata njia kabisa, na mwamuzi yuko pale, anaangalia wapi sijui, na kile kiatu changu cha kushoto nilisema kinateleza, bibi nilikwambia kinateleza, na Mwalimu Joseph kanipigia kelele nianze mapema wakati nilikuwa najua mwenyewe lini nianze..." Akaendelea. Wale wa shule ya bweni walikuja kuongea na Hamisi, akaongea nao huku Sharifa analalamika pembeni. Tulitoka uwanjani analalamika. Tulipita sokoni, tukapanda kilima cha Mtawanya kwa miguu, analalamika, bila kukohoa, bila kupumzika, sauti nzima, maneno mengi. Na Hamisi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwacha mwanamke afike mwisho wa sentensi, alitembea kando yake hadi mlangoni kwangu, akiitikia tu, "Ehe. Ehe, mke wangu. Halafu?"